Tisini kwa Kalamu ya Bluu

Mwadi, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukueleza habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, za shangazi yake utakayekaa kwake Lubumbashi na namna ya kumsalimu asubuhi. Habari za wavulana amekueleza mara tatu, na mara ya tatu hata majirani walifaidika. Upande huo sina la kuongeza. Sanduku lako nimelifunga kwa kamba, mafundo manne, nikayavuta moja moja, nikaenda kukaa. Mama yako akaniuliza, "Papa Mwadi, ata machozi moja hakuna?" Nikamjibu kamba iko muzuri.

Sihisi kitu. Niko hivi tangu Jumatatu. Wewe unajua kadi ya ile mashine yetu ya kompyuta ikipata joto kupita kiasi inafanya nini: haizimiki, haipigi kelele, inajipunguzia mwendo yenyewe, na aliyekaa mbele ya skrini anaona kazi inaendelea, pole pole tu. Nadhani ndivyo nilivyo. Ninakula ugali wangu wa bukari, ninajibu salamu za watu, ninatengeneza filamu zao. Usifikiri ni ugumu wa moyo. Usifikiri ni ushujaa pia, maana unanijua.

Nina jambo moja la kukuambia kabla hujapanda bus, na linahusu ile kadi. Nitakwenda nalo taratibu, kama gari inayopita kwenye matope, maana nikikimbia nitakwama, halafu nitajifanya nilikuwa nataka kusimama pale.

Unakumbuka nyumba yetu ya Kasulo? Ulikuwa mdogo. Majirani wote walichimba kobalti chini ya vyumba vyao, na ukuta wetu wa sebule ukapasuka kwa ajili ya shimo la mwenzetu wa upande wa kushoto. Sisi hatukuchimba. Umekua ukisikia mama yako akiwaambia watu kwamba mume wake alikuwa na akili, aliona mbali, alikataa tamaa. Nitakuambia yaliyotokea. Siku moja nilishuka katika shimo la yule jirani ili nijaribu. Nilifika kina cha mlango mmoja, nikaanza kuita wanivute. Niliogopa giza. Nilitoka na udongo mdomoni, nikasema kazi hii si yangu. Watu wakaita hiyo busara, na mimi sikuwasahihisha. Ndiyo tabia yangu tangu zamani: watu wakikosea kwa faida yangu, nanyamaza. Ishike hiyo, tutairudia.

Ile mashine ilipofika nyumbani ulikuwa na miaka kumi na sita. Injinia mmoja alikuwa anaondoka Kolwezi na hakutaka kuibeba. Alikuwa akiichezea michezo ya vita, mimi nikaiweka kwenye kazi ya filamu za harusi na za dot, siku ya kutoa mahari. Unajua jinsi filamu ya dot ilivyo kwetu. Hakuna kukata. Kila mjomba lazima aonekane akipokea kitambaa chake, kila shangazi aonekane akicheza, na ukimruka mmoja utasikia habari zake mpaka Lubudi. Kwa hiyo filamu zangu zilikuwa za saa tatu, na mashine ilikaa kutwa nzima ikizitoa. Nilikuwa nalalamika. Wewe ukasoma kwenye simu yako kwamba kadi ya grafiki, ile nene yenye feni mbili, inaweza kupandishwa mwendo juu ya ule iliotoka nao kiwandani. Ukaniambia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda disko.

Ilikuwa mwezi wa saba, mapumziko, ile baridi kavu ya asubuhi. Ulivaa koti langu.

"Papa, tunapandisha megahertz kumi na tano, kumi na tano tu. Kisha tunangojea."

"Tunangojea nini?"

"Ianguke."

"Na kama haianguke?"

"Tunapandisha tena."

"Kumbe weko natafuta kuiangusha! Mutoto gani huyu?"

"Njo kazi yenyewe, Papa. Kama haujue fasi inaangukia, utasimama wapi?"

Nilicheka, nikaenda kumwambia mama yako kwamba tumezaa mharibifu mwenye mpango. Lakini nilirudi kukutazama. Wiki nzima ulikaa pale. Ulipandisha kumi na tano, ukaiweka filamu nzito izunguke saa mbili, ukaandika joto lilipofikia. Ukapandisha tena. Kwenye mia na hamsini vidoa vyeupe vilianza kuruka kwenye skrini, kama mtu amepuliza unga, kisha kila kitu kikawa cheusi. Mimi nilishika kichwa. Wewe ulisema, "Bon," ukaandika.

Ulirudi mia na thelathini na tano. Ikafanya kazi siku nzima bila kidoa hata kimoja. Nikasema hapo ndipo nyumbani, tubaki hapo. Wewe ukachukua karatasi ya daftari, ukaandika kwa kalamu ya bluu namba tisini, ukaibandika juu ya mashine.

"Mwadi, unaniibia arobaini na tano mchana kweupe!"

"Sikuibie. Nakuwekea."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya mwezi wa kumi. Sasa iko baridi, courant ya umeme iko natulia, feni tulizisafisha jana. Mwezi wa kumi kutakuwa joto, vumbi ya macamion ya mizigo itaingia, na weye utawasha groupe. Hapo utanishukuru."

Nilikuita Bibi Injinia mpaka jioni. Nilikutania, ila ndani nilikuwa ninaogopa kidogo, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukutana na mtu anayefikiri hivyo, na mtu huyo alikuwa amevaa koti langu.

Sasa nafika kwenye matope.

Mwezi wa tisa tulikwenda Musonoi kwa Tata Banza, tukaichukua filamu ya dot ya binti yake. Unamkumbuka mama yake Tata Banza, Kaku Ngoie, yule mzee mwembamba aliyetuuliza kamera inakula nini. Alimpaka mjukuu wake pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso, akamtamkia baraka kwa Kiluba, pole pole. Wiki tatu baadaye Kaku Ngoie akafariki. Ndoa ya kanisani ilikuwa bado.

Tata Banza alikuja kwangu Ijumaa. Hakukaa. Alisema, "Ndugu yangu, kesho kutwa, siku ya Mungu, tunamaliza kilio. Jamaa yote itakuwa pale. Tunataka tumuone Mama, tumusikie mara ya mwisho. Filamu itakuwa tayari?" Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Ungekuwapo ungesema, "Tutaona, Tata." Ulikuwa umekwenda kwa rafiki yako kusoma, ukalala huko mpaka Jumapili.

Jumamosi umeme ulikatika tangu alfajiri. Joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, unajua, hata kuku wanatembea midomo wazi. Nikawasha groupe, ile jenereta yetu inayokohoa, na taa ya sebule ikawa inapanda na kushuka. Nikapiga hesabu ya saa, nikaona filamu haitawahi. Nikatazama karatasi yako. Nikasema moyoni, huyu mtoto aliniambia mwenyewe kwamba mia na thelathini na tano inapita. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata tisini yako, nikaandika 135 pembeni. Nikaipandisha. Nikaijaribu kwa muda wa kumaliza sahani moja ya bukari na dagaa. Haikuanguka. Nikajiona fundi.

Filamu ikatoka jioni. Nilitazama dakika tano za mwanzo na moja ya mwisho. Katikati sikutazama. Baraka ya Kaku ilikuwa katikati.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, lakini uliyaona ukiwa umesimama upande wa projekta, umeshika waya. Acha nikueleze yalivyokuwa upande wangu. Shuka jeupe limetandazwa ukutani, watu wamejaa uani, viti vya plastiki, watoto chini. Kaku Ngoie akatokea, wanawake wakaanza kulia vizuri, kilio cha kushukuru. Akainua mkono wenye pemba. Hapo uso wake ukapasuka vipande vya kijani. Miraba, Mwadi, miraba ikicheza mahali pa macho na mdomo, na sauti yake ikiendelea kutoka chini yake. Mkono ukafika kwenye paji la mjukuu, na mjukuu akapasuka pia.

Nilisikia kiti kikianguka. Kisha sauti ya Mama Kalenga, dada yake Tata Banza:

"Kaku anakataa! Munaona? Anakataa hii ndoa!"

Na mwingine nyuma: "Mi nilisema. Nilisema tangu mwanzo."

Bibi harusi alikuwa amekaa mbele. Alijifunika kitambaa usoni. Watu wa upande wa mume walianza kusimama. Nilijua kwamba nina muda mfupi wa kusema neno, na kwamba neno lisipotoka ndoa imekufa pale pale, kwenye shuka. Nilisimama. Nikafungua mdomo niseme, ni mimi, nililazimisha mashine. Nikasema:

"Ni mashine, bandugu, hapana Kaku! Mutoto wangu aliichezea, akaipandisha kupita kiasi. Batoto ba siku hizi, munabajua."

Wakageuka wote kukutazama. Hukujua lolote kuhusu kalamu nyekundu. Ulifikiri ni tisini yako. Ukaweka waya chini, ukapita katikati ya viti, ukapiga magoti mbele ya Mama Kalenga kwenye udongo, ukasema, "Mama, munisamehe. Ni namba zangu."

Nitakuambia nilichokihisi, maana umri wako sasa unaruhusu. Nilihisi nafuu. Nilitazama jenereta kuona kama mafuta yatatosha.

Nyumbani uliniuliza swali moja tu. "Papa, ilikuwa kwa tisini?" Ningeweza kukuokoa kwa neno moja. Karatasi ilikuwa tayari mfukoni mwangu, niliibandua asubuhi kabla hujaiona. Nilikujibu, "Ndiyo, tisini." Kisha, ili niwe baba kamili, nikaongeza kwamba usiiguse tena mashine.

Ule uwongo wa uani, mbele ya watu, naweza kuutafutia sababu. Nilikuwa na haraka, ndoa ya watu ilikuwa mikononi, nilishika kilichokuwa karibu. Huu wa pili hauna sababu. Tulikuwa wawili tu, wewe ulikuwa unakunja waya, hakuna aliyenikimbiza.

Jumatatu ulipokuwa shule nilirudisha tisini, nikaitoa filamu upya, nikaitazama yote, saa tatu, mpaka mjomba wa mwisho. Ilikuwa safi. Nikawapelekea. Wakaoana, wana mtoto, anaitwa Ngoie. Ukifikiri vizuri utaona kila mtu alipata chake isipokuwa wewe.

Tangu siku ile mashine inafanya kazi kwa tisini. Hukujua. Ulidhani nimeirudisha mwendo wa kiwandani. Imepita miezi ya kumi miwili, na joto lake, na vumbi, na jenereta inayokohoa, na haijatoa mraba mmoja. Na mimi kila asubuhi nilikuwa naiwasha, naiona namba yako kwenye skrini, nafunga dirisha lile haraka ukipita.

Nilijaribu kukuambia. Usicheke. Siku tulipokwenda kupiga picha za harusi Lubudi, gari likaharibika, tukakaa chini kando ya njia mchana kutwa. Ulimenya muhindi, ukanipa nusu. Nikasema nafsini, sasa. Ukaniuliza, "Papa, weko nawaza nini?" Nikajibu, "Filtre ya vumbi." Na nikakueleza habari za filtre ya vumbi kwa muda mrefu sana, ukasikiliza kwa adabu.

Nilikuwa naona lililokuwa linatokea. Mwalimu wenu alileta ordinateur, ile kompyuta ya shule, ukasema, "Mi siguse, Tata, nitaharibu." Mjomba wako akaleta simu, ukasema hivyo hivyo. Ulikuwa unasema kwa utulivu, kama mtu anayetaja kabila lake. Na mwezi uliopita ulijaza ile fomu ya chuo. Mahali pa masomo uliandika comptabilité, kazi ya mahesabu. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikasema ni kazi nzuri, ya kukaa kivulini. Nilikuuliza kwa nini si informatique, masomo ya kompyuta, ukanitazama, ukasema, "Papa, weye njo unauliza?" Nikaenda kusafisha feni.

Basi nimekuwekea karatasi yenyewe ndani ya barua hii. Itazame. Tisini ya bluu ni yako. Mstari mwekundu juu yake na 135 pembeni ni mimi, mwandiko wangu unaujua, ile tano yangu inayofanana na kiatu. Usinitetee kwamba labda hata tisini ingeanguka siku ile. Nimeijaribu. Wiki iliyopita, jua kali, umeme umekatika, niliwasha jenereta ile ile, nikaitoa filamu ile ile ya Kaku Ngoie kwa tisini, nikakaa nikiitazama bila kula. Kaku akainua mkono, akapaka pemba, akashusha mkono. Nikairudia kwa mia na thelathini na tano. Miraba ikaja karibu mahali pale pale, kwenye baraka. Nikaizima. Nilifikiri nitalia. Sikulia, nikaandika namba kama ulivyonifundisha.

Jana nilikwenda Musonoi. Mama Kalenga alikuwa anapepeta unga wa mihogo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Alipepeta mpaka mwisho wa ungo.

"Tata, miaka mbili?"

"Miaka mbili, Mama."

"Na mutoto alipiga magoti hapa. Hapa, fasi unasimamia."

"Ndiyo, Mama."

"Na weye ulikuwa naangalia groupe. Nilikuona." Akaweka ungo chini. "Sasa unakuya kuniambia mi? Mi niliisha kusamehe, nilisamehe mutu asiyekosa, ile msamaha iko inazunguka tu haina mwenyewe. Kwenda kwa mutoto. Na usimuambie nilikutuma, atasema ni akili yangu."

Nilimwambia sitakuambia. Unaona bado nina kazi.

Niliporudi nilimweleza mama yako.  Kisha akaniambia niandike barua, niifiche katikati ya nguo zako, uikute Lubumbashi, usiondoke na machungu. Ni shauri la mtu anayetupenda sote wawili. Nimelikataa, na unajua mara ngapi mimi hukataa shauri la mama yako. Ukiikuta Lubumbashi nitakuwa nimekimbia tena, safari hii kwa kilomita nyingi, na wewe utakuwa unasoma peke yako kitandani kwa mtu.

Nitakupa mkononi kesho, pale kituoni, wakati wanapakia mizigo juu. Wanachelewa kila siku, utakuwa na nafasi. Isome pale pale. Mimi nitasimama karibu na gurudumu la nyuma, sitajifanya naongea na dereva. Ukitaka kuja kuniambia kitu, njoo. Ukitaka kunitazama tu kisha upande, panda. Kama utalia ama utakasirika, mimi labda nitasimama tu kama mlango, maana bado sijui hii hali yangu itakwisha lini. Usiipime hasira yako kwa uso wangu.

Fomu umeitia katika ile bahasha ya kaki, na huko chuoni bado hawajaipiga muhuri. Kama unaipenda comptabilité, nenda nayo, nitajivunia na nitakuletea madaftari yangu yaliyochanganyika. Kama uliiandika kwa ajili ya miraba ya kijani, miraba ilikuwa yangu. Sitasema zaidi. Nimekwisha kukuamulia mambo ya kutosha kwa sentensi moja uani kwa watu.

Mashine inatoa filamu ya ubatizo hapa pembeni yangu ninapoandika. Feni zinazunguka sawasawa. Kesho nitakaporudi kutoka kituoni nitabandika karatasi mpya juu yake, tisini, kwa kalamu ya bluu, na chini yake nitaandika jina lako, ili mtu akiniuliza nani aliitengeneza nisome tu.

Ni mimi baba yako, niliyeongeza arobaini na tano.